Wakili hakuwepo siku ya tukio: majibu ya maswali yenu

Wiki tatu hizi sanduku langu limejaa mahakama za Marekani. Chanzo nakijua. Mtu anakesha na simu akitazama kesi ya mauaji ya huko, asubuhi ananiandikia kana kwamba sheria za California nilizitunga mimi. Nimechagua maswali ambayo nina la kusema. Ya viwanja na mirathi yatasubiri zamu yake.

Ili tusigombane katikati ya safari: juri ni wale raia wa kawaida, aghalabu 12, wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia au hana. Majumuisho ni maneno ya mwisho ya mawakili baada ya ushahidi kufungwa. Maelekezo ni yale jaji anayowaeleza juri kuhusu sheria kabla hawajaingia chumbani kujadili.

Nimemsikia jaji wa Marekani akiwaambia juri kwamba maneno ya mawakili si ushahidi. Sasa kama si ushahidi, siku nzima wanaongea nini? Si yafutwe tu? (Msomaji, Tabata)

Jimbo la New York liliwahi kufikiri kama wewe. Sheria yake ilimruhusu jaji anayesikiliza kesi peke yake, bila juri, kukataa majumuisho akiona hayana haja. Mwaka 1975, katika kesi ya Herring, Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupa sheria hiyo: kumziba mdomo wakili mwishoni ni sawa na kumnyima mshtakiwa wakili.

Ukikaa mahakamani siku mbili tu utaelewa. Ushahidi hauji kwa mpangilio. Daktari aliyepima maiti anakuja Jumatatu kwa sababu Jumanne ana safari. Askari aliyekamata anakuja baada ya wiki mbili. Jirani aliyesikia kelele anaingia katikati, anakumbuka nusu, nusu nyingine kaisikia kwa shemeji yake. Lazima apatikane mtu wa kuviokota vipande hivyo na kuvipanga. Wakili anaruhusiwa kusema: "Shahidi wa tatu kasema taa ilikuwa imezimika, wa tano kasema alimtambua kwa rangi ya shati. Pimeni wenyewe." Haruhusiwi kusema: "Hata mimi nilipita pale, ile taa huwa haiwaki." Akisema hivyo amegeuka shahidi ambaye hakula kiapo, wala hakuna aliyepata nafasi ya kumhoji.

Maelekezo ya California, yale yaliyoanza kutumika 2006, yanalisema hili waziwazi: lolote wanalosema mawakili si ushahidi, na maswali yao pia si ushahidi. Watu hulisahau hilo la maswali. Wakili akiuliza, "Si kweli kwamba usiku huo ulikuwa umelewa?" na shahidi akajibu "Hapana," basi kwenye kumbukumbu za kesi hakuna ulevi, hata kama swali liliulizwa kwa sauti ya radi. Pia jaji huwaambia kwamba wakili akieleza sheria tofauti na alivyoieleza yeye, wafuate ya jaji.

Wala usidhani ni mambo ya Wazungu tu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishasema hivyohivyo katika kesi ya madai ya Wadhamini wa Jimbo Kuu la Dar es Salaam dhidi ya Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji cha Bunju: hoja za wakili ni ufafanuzi wa ushahidi uliokwisha kutolewa, zenyewe si ushahidi. Hata hivyo kila mwaka napokea majumuisho ya kurasa 30 ambayo ndani yake kuna mkataba ambao hakuna shahidi aliyeutoa kama kielelezo. Mkataba huo, machoni pa sheria, haupo.

Je, Tanzania kuna juri? (Wasomaji saba, kwa maneno tofauti)

Hakuna. Mara ya mwisho kulijibu swali hili ilikuwa mwezi uliopita, na mwezi uliotangulia pia.

Wakili Johnnie Cochran alimtoa O. J. Simpson kwenye kesi ya mauaji kwa mstari mmoja wa shairi. Huoni kwamba hapo maneno ya wakili yalikuwa ushahidi tosha? (Shabiki wa sheria, Mombasa)

Sioni. Mstari unaousema, kwamba kinga ya mkono (glavu iliyokuwa kielelezo) kama haimtoshi basi mwachieni, ulisemwa mwishoni mwa Septemba 1995. Lakini kinga yenyewe Simpson aliivaa mbele ya juri tarehe 15 Juni mwaka huohuo, na aliyemwomba aivae alikuwa mwendesha mashtaka, Christopher Darden. Juri waliona kwa macho yao mkono ukihangaika kuingia kwenye ngozi. Kilichoonekana Juni ndicho kilichokuwa ushahidi. Septemba Cochran aliwakumbusha tu, tena kwa vina ili wasisahau. Angeutunga mstari ule bila kinga kujaribiwa, ungekuwa shairi zuri la bure.

Nalisisitiza hili kwa sababu kila ukoo una mjomba anayeamini kwamba mtu hushinda au hushindwa kesi kwa mdomo. Ng'ombe wanauzwa atafutwe "wakili mwenye sauti". Shahidi pekee aliyeona tukio hapewi hata nauli ya basi, siku ya kesi hayupo. Halafu lawama anatupiwa wakili.

Mwendesha mashtaka akimtukana mshtakiwa kwenye majumuisho, jaji akawaambia juri "sahauni hayo", inatosha? Binadamu anaweza kusahau kwa amri? (Mwanafunzi wa sheria, Mwanza)

Hapa umenigusa penye kidonda.

Soma kesi ya Darden ya Florida (jina tu limefanana na la yule wa kinga). Mtu huyu alishtakiwa kwa mauaji miaka ya 1970. Katika majumuisho upande wa mashtaka ulimwita mnyama, ukasema hastahili kutoka kizuizini bila kufungwa kamba kama mbwa, na wakili mmoja akasema anatamani angemwona amekaa pale hana uso, umelipuliwa na bunduki. Hayo yalisemwa ndani ya chumba cha mahakama, mbele ya watu 12 waliokuwa wanaamua kama mtu ana hatia ya mauaji. Rufaa ilifika Mahakama ya Juu mwaka 1986. Majaji waliyalaani maneno yale, kisha kwa kura 5 dhidi ya 4 wakaiacha hukumu isimame. Miongoni mwa sababu walizotoa ni kwamba ushahidi ulikuwa mzito, na kwamba jaji wa kwanza aliwaambia juri mara kadhaa kuwa hoja za mawakili si ushahidi. Darden aliuawa kwenye kiti cha umeme mwaka 1988.

Unaona ile sentensi ilivyotumika? Iliandikwa imlinde mshtakiwa, ikaishia kuwalinda waliomtukana. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mahakama za rufaa zinapenda kuamini kwamba jaji akinyoosha kidole na kusema "yazoeni", sakafu inakauka.

Sisemi maelekezo hayana kazi. Yana kazi kubwa pale wakili alipoteleza kidogo: kakosea tarehe, kamtaja shahidi wa nne badala ya wa tano, kaongeza chumvi. Juri wengi ni watu makini na wanajitahidi kutii. Lakini kwa tusi, kwa kitisho cha "mkimwachia huyu, kesho ni zamu ya binti yako", dawa ni jaji kumkatiza msemaji papo hapo, sentensi ikiwa bado mdomoni, na ikibidi aivunje kesi ianze upya mbele ya juri wengine. Karipio linalotoka saa tatu baadaye, limebanwa katikati ya kurasa 40 za maelekezo yanayosomwa kwa sauti ya kulaza watoto, ni la kuonyesha kwamba jaji naye alikuwa macho.

Mwaka 1935 mahakama hiyohiyo ilikuwa na msimamo mkali zaidi. Katika kesi ya Berger ilisema kazi ya wakili wa serikali si kushinda, ni kuona haki inatendeka. Anaruhusiwa kupiga kwa nguvu lakini si kucheza rafu. Ikaifuta hukumu, ikaamuru kesi isikilizwe upya. Tofauti ni kwamba ushahidi dhidi ya Berger mahakama iliuona dhaifu. Kwa hiyo somo lisilopendeza ni hili: rafu inaadhibiwa pale tu timu iliyochezewa ilikuwa na nafasi ya kushinda.

Na wewe utakuwa wakili, basi sikia. Pingamizi litolewe hapohapo. Mawakili wengi wanaona aibu kumkatiza mwenzao wakati wa majumuisho, wanaona ni utovu wa adabu. Ukinyamaza, mahakama ya rufaa itakuuliza kama yalikuwa mabaya kiasi hicho mbona hukusimama. Adabu yako mteja wako ataitumikia gerezani.

Kaka yangu ana kesi. Tumekubaliana familia nzima akae kimya mahakamani, kwa sababu jaji lazima aseme kimya chake kisihesabiwe. Tuko sawa? (Msomaji, Dodoma)

Hampo sawa, na mmeniogopesha. Hiyo ni sheria ya Marekani. Kule, tangu kesi ya Griffin ya mwaka 1965, mwendesha mashtaka hawezi kuwaambia juri kwamba mshtakiwa kunyamaza ni dalili ya hatia. Na tangu 1981 wakili wa utetezi akiomba, jaji lazima awaambie juri wasikitumie kimya hicho dhidi yake.

Tanzania sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inasema tofauti kabisa: mshtakiwa akishaelezwa haki yake ya kujitetea akachagua kunyamaza, mahakama inaweza kukitafsiri kimya hicho dhidi yake, na upande wa mashtaka unaruhusiwa kukizungumzia. Uingereza nayo, tangu sheria ya 1994, imelegeza kamba katika jambo hili. Kenya wanayo haki ya kunyamaza ndani ya Katiba ya 2010, kwa hiyo msije mkachukua ushauri wa shangazi wa Nairobi mkauleta Dodoma.

Mzigo wa kuthibitisha bado ni wa serikali, na kimya peke yake hakimfungi mtu. Lakini uamuzi huu ni wa kaka yako na wakili wake, mezani, baada ya kusoma ushahidi. Kikao cha familia hakina mamlaka hapa.

Wazee wa baraza si ndiyo juri yetu? Babu yangu alikuwa mzee wa baraza, anasema "alihukumu" kesi nyingi. (Msomaji, Singida)

Babu yako apewe heshima yake, ila hakuhukumu. Mzee wa baraza alitoa maoni, jaji akaamua. Hata wazee wote wakisema hana hatia, jaji hakufungwa na kauli yao. Juri likisema hana hatia, jaji hana la kufanya, mtu anakwenda nyumbani. Hiyo ndiyo tofauti, tena kubwa.

Mkoloni aliijua vizuri. Nairobi mwaka 1941, Sir Jock Delves Broughton aliposhtakiwa kwa kumuua Lord Erroll, alihukumiwa na juri la Wazungu wenzake, wakamwachia Julai mosi. Mwaka 1956, Dedan Kimathi aliposimamishwa Nyeri, hakupewa juri. Alikuwa na jaji mkuu na wazee wa baraza watatu Waafrika, ambao maoni yao hayangemfunga jaji kwa vyovyote. Wote watatu walisema ana hatia. Alinyongwa Februari 1957. Kila ninaposoma mahali kwamba "Kimathi alihukumiwa na juri la Waafrika" natamani kumtumia mwandishi barua.

Penye kufanana ni kwenye maelekezo. Jaji alipaswa kuwafupishia wazee ushahidi na kuwaeleza sheria kabla ya kuwauliza maoni, kama wenzake wa Uingereza wanavyofanya kwa juri. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema tangu 1954, katika kesi ya Washington Odindo, kwamba maoni ya wazee yana thamani kubwa wakielewa mambo yote ya kesi na sheria inayohusika. Wasipoelezwa, thamani hiyo inapungua kwa kiasi hichohicho. Mwaka 1982, katika kesi ya Tulubuzya Bituro, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaenda mbele zaidi: jaji asipowaongoza kwenye hoja muhimu ya sheria, ni kama kesi haikusikilizwa na wazee kabisa. Kuanzia hapo kesi za mauaji zikawa zinabatilishwa moja baada ya nyingine. Hapa jaji kasahau kuwaeleza utetezi wa kutokuwepo eneo la tukio, pale wazee wameachwa wawahoji mashahidi kama mawakili badala ya kuuliza ufafanuzi tu. Mtu kakaa ndani miaka minane, anaambiwa arudi aanze upya.

Nitakusimulia moja niliyoiona kwa macho yangu. Nilikuwa wakili mchanga, kikao cha mauaji, mji mmoja wa bara. Wakili wa utetezi aliongea dakika 40 kwa Kiingereza kitamu, mikono ya joho ikipepea. Karani alikuwa akiwatafsiria wazee, na zile dakika 40 ziliwafikia kama dakika 12, maua yote yamepukutika njiani. Mzee mmoja alikuwa na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake. Wakati wa majumuisho hakuandika kitu. Jaji alipofupisha ushahidi, akaanza kuandika. Zamu yake ya maoni ilipofika alisimama, akafungua daftari, akasema: "Mheshimiwa, huyu bwana mwenye joho kaongea vizuri, sina ugomvi naye. Ila yeye hakuwepo siku ya tukio. Aliyekuwepo ni yule mama muuza mahindi, naye kasema uso hakuuona. Mimi naona kijana hana kosa." Akaketi. Jaji alikubaliana naye. Wakili akatoka nje akipongezwa na ndugu wa mshtakiwa, na yule mama wa mahindi hakuna aliyemwangalia.

Kenya iliwaondoa wazee wa baraza mwaka 2007. Uganda bado wanao. Tanzania, tangu marekebisho ya 2022, kuwatumia si lazima tena Mahakama Kuu, jaji akiona haki inawahitaji atawaita. Wengi walishangilia kwamba kesi zitaacha kubatilishwa kwa makosa ya maelekezo. Ni kweli. Ila waliokuwa wanakosea maelekezo ni majaji, walioondolewa ni wazee.

Nina kadi ya kijani, naishi Minnesota. Nimeletewa barua ya kuitwa kwenye juri. Niende? Nataka kuona majumuisho laivu. (Mama wa watoto wawili)

Usiende kuketi kwenye juri. Ni kazi ya raia tu. Jaza fomu, penye swali la uraia jibu ukweli kwamba wewe si raia, irudishe kwa wakati, usiitupe jalalani. Anayejitia uraia wa Marekani asio nao, hata kwa kuweka alama kwenye kisanduku kwa haraka, anaweza kuharibu kabisa safari yake ya uhamiaji na hata kuondolewa nchini. Kama umekwisha kuijaza vibaya, muone wakili wa uhamiaji leo. Majumuisho unaweza kuyaona ukiwa mtazamaji, milango ya mahakama huwa wazi.

Kwenye kesi ya Chauvin, yule polisi wa Minneapolis aliyeshtakiwa kwa kumuua George Floyd, mbona upande wa mashtaka uliongea mara mbili, utetezi mara moja? Huo si upendeleo? (Msomaji, Arusha)

Ndivyo ilivyo katika mahakama nyingi za Marekani. Mwenye mzigo wa kuthibitisha anaanza, utetezi unajibu, mwenye mzigo anamalizia. Uingereza ni kinyume, neno la mwisho la mawakili ni la utetezi, halafu jaji anafupisha sheria na ushahidi. Mimi napenda mtindo wa Uingereza. Anayekabiliwa na jela awe wa mwisho kusikika, na baada yake iwe sauti isiyo na upande.

Minneapolis, Aprili 19, 2021, Jaji Peter Cahill alisoma maelekezo kabla ya majumuisho. Hilo nalikubali, kwa sababu juri wanawasikiliza mawakili wakiwa na kipimo mkononi tayari. Lakini matokeo yake ni kwamba sauti ya mwisho kabisa ya hoja ilikuwa ya Jerry Blackwell wa upande wa mashtaka, aliyesema kuwa juri wameambiwa Floyd alikufa kwa sababu moyo wake ulikuwa mkubwa mno, na kwamba ukweli ni kuwa moyo wa Chauvin ulikuwa mdogo mno. Juri walipokwishatoka, wakili wa utetezi, Eric Nelson, aliomba kesi ivunjwe. Miongoni mwa manung'uniko yake ni kwamba wenzake waliubeza utetezi kwa kuuita hadithi. Jaji alikataa. Kesho yake juri wakamkuta na hatia.

Sasa ile kauli ya moyo, ni ushahidi? Hapana. Ushahidi ulikuwa video ya zaidi ya dakika tisa na madaktari waliokula kiapo. Ondoa ile kauli kabisa, sioni juri likibadili chochote. Ondoa video, Blackwell angesema nini?

Magazeti huandika "imethibitishwa bila kuacha shaka yoyote". Ina maana nikionyesha shaka hata ndogo naachiwa? (Msomaji, Temeke)

Hapana, na kosa ni la magazeti, si lako. Sheria haisemi "shaka yoyote". Inasema shaka yenye sababu, ambayo mtu mwenye akili timamu akiulizwa "kwa nini una shaka?" ana jibu linalotokana na ushahidi. Neno "yoyote" liliingizwa na watafsiri kwa sababu linasikika vizuri redioni, na sasa mawakili wenyewe wanalitumia: "Waheshimiwa, hivi kweli hamna shaka yoyote?" Kila mtu ana shaka yoyote. Hata juu ya jua kuchomoza kesho, mtu anaweza kutia shaka yoyote.

Denning, alipokuwa bado jaji wa Mahakama Kuu ya Uingereza mwaka 1947, alisema uthibitisho huu hauna maana ya kufuta hata kivuli cha shaka, kwa sababu sheria ingeshindwa kuilinda jamii kama ingekubali uwezekano wa kubuni tu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilimfuata katika kesi ya Magendo Paul. Waingereza siku hizi wamechoka na istilahi, jaji anawaambia juri kwa kifupi: ili mumtie hatiani lazima muwe na uhakika. Nadhani kwa Kiswahili nasi tungeanza hapo.

Lakini usije ukalegeza kamba upande wa pili. Mwaka 1935 huko Uingereza, jaji aliwaelekeza juri kwamba Woolmington, kijana wa shamba wa miaka 21 aliyesema bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya, ndiye wa kuthibitisha kuwa ilikuwa ajali. Akahukumiwa kunyongwa. Bunge la Malodi, ambalo enzi hizo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa huko, likaifuta hukumu kwa sababu ya sentensi hiyo: mshtakiwa hana la kuthibitisha. Kauli ya wakili ikikosea, jaji anaweza kuirekebisha. Kauli ya jaji ikikosea, hakuna wa kuirekebisha chumbani mle.

Wakili wangu alikiri kwa niaba yangu kwenye majumuisho, mimi nilikuwa nimekataa kosa tangu mwanzo. Inakubalika? (Jina limehifadhiwa)

Marekani ililijibu hili mwaka 2018 katika kesi ya McCoy ya Louisiana. Wakili aliona ushahidi ni mzito, akawaambia juri kwamba mteja wake aliua, akitumaini wangemhurumia asihukumiwe kifo. Mteja alikuwa amekataa kabisa, hata mbele ya jaji. Mahakama ya Juu iliamuru kesi irudiwe: mbinu ni za wakili, lakini kukana au kukubali kosa ni kwa mshtakiwa mwenyewe. Kwa kesi yako hapa nyumbani, omba nakala ya mwenendo, uone hasa kiliandikwa nini. Mara nyingi kinachosikika kama kukiri ni wakili amesema "hata tukichukulia kwamba alikuwepo", na hiyo ni hoja tu.

Naweza kukutumia kesi yangu uniandikie majumuisho? Nitalipa. (Wasomaji watatu)

Hapana. Na wewe uliyenitumia tayari kurasa 14 zilizopigwa picha kwa simu juu ya kitanda: ukurasa wa 9 haupo, na ukurasa wa 8 unaishia shahidi wako wa pili akiulizwa alisimama wapi. Utafute huo kwanza.